Swift na nyama ya watoto: insha ya kejeli inaanikaje umaskini bila kumcheka maskini?

Kalamu_Mwanzi

Wakuu, salaam. Kuna kikundi cha waandishi chipukizi wanaojinoa kuandika insha za kejeli kuhusu ugumu wa maisha, na rasimu karibu zote zinatumbukia kwenye mashimo mawili. Baadhi zinageuka hotuba ya jukwaani. Nyingine zinamcheka maskini mwenyewe, viraka vyake na lafudhi yake, halafu mwandishi anadai eti alikuwa anawapiga wakubwa.

Mfano unaotajwa kila mara ni "A Modest Proposal" ya Jonathan Swift, iliyotoka Dublin mwaka 1729, inayopendekeza watoto wa maskini wa Ireland wauzwe kama nyama. Wengi wanaijua kwa kusikia. Walioisoma wanaishia kusema "ni kali". Naomba wajuzi mtufungulie injini yake. Ukali unatoka wapi, sentensi kwa sentensi? Zile takwimu zote ni za nini? Mwandishi anajihadhari vipi asije akaaminiwa? Na ukiivusha kuja Kiswahili, inavunjikia wapi?

Mhariri_Usiku

Anza na anayezungumza, kwa sababu si Swift. Swift alikuwa kasisi, mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, Dublin, tangu 1713. Msemaji wa insha ni bwana fulani asiye na jina, mwenye mke na watoto, na anamaliza kwa kuapa kwamba hana maslahi yake binafsi: mwanawe wa mwisho ana miaka tisa na mkewe ameshapita umri wa kuzaa. Yaani hana cha kupeleka sokoni. Huyo ndiye anayeanikwa, mtu mpole, msomi, mpenda nchi, ambaye sauti yake haipandi hata mara moja.

Tazama anavyoingia. Aya za mwanzo ni za huruma tupu: kina mama ombaomba barabarani na milangoni mwa nyumba, kila mmoja akifuatwa na watoto watatu, wanne au sita, wote wamevaa matambara. Msomaji wa Dublin aliyaona hayo kila akitoka nje, kwa hiyo anaitikia. Halafu linapita neno moja bila kelele: mtoto mchanga "aliyedondoshwa" na jike lake. Hiyo ni lugha ya zizini. Mbele kidogo wake za watu wameshaitwa kwa neno la mfugaji, majike ya kuzalia. Habari ya kula bado haijatajwa! Zizi linajengwa kwanza, na kufikia hapo msomaji ameshasaidia kushika nguzo.

Takwimu nazo zifuate ukiwa na kalamu mkononi. Watu wa Ireland, milioni 1.5. Wanandoa ambao mke bado anazaa, 200,000. Toa 30,000 wanaomudu kulea: 170,000. Toa 50,000 kwa mimba zinazoharibika na watoto wanaokufa kwa ajali au maradhi kabla ya kutimiza mwaka: watoto 120,000 wa maskini. Hapo anatenga 20,000 wa mbegu, robo yao wa kiume, na wanabaki 100,000 wa kuuzwa. Mtoto anazaliwa na ratili 12. Akinyonyeshwa vizuri anafika ratili 28 kwa mwaka, yaani karibu kilo 12.7. Kumlea ni shilingi 2 kwa mwaka, "matambara yakiwemo". Bei yake shilingi 10. Mama anabaki na 8.

Wengi wanaziruka hizi namba ili wafike kwenye nyama. Rudi kwenye ile 50,000. Karibu watatu katika kila kumi wanapotea ndani ya nusu sentensi, kama mfugaji anavyoandika vifo vya vifaranga kabla hajapiga hesabu ya faida. Na hiyo si sehemu ya pendekezo, ni hali iliyokuwepo tayari. Msomaji anashtushwa na 100,000 watakaochinjwa, lakini zile 50,000 alizipita bila hata kupepesa. Mtego wa insha nzima uko hapo. (Kuna na kichekesho kidogo: robo wakiwa madume maana yake ni dume mmoja kwa majike watatu, ila bwana mipango, yaani msemaji wetu, anaandika kwamba dume mmoja atatosha majike wanne. Namba inatamkwa kwa kujiamini kiasi kwamba hakuna anayemshika.)

Kwa nini hesabu badala ya machozi? Kwa sababu ndiyo iliyokuwa lugha ya waliopanga mambo ya nchi ile. William Petty, aliyefika Ireland 1652 kama daktari wa jeshi la Uingereza na baadaye akasimamia upimaji wa ardhi iliyonyang'anywa, aliasisi kile alichokiita hesabu ya siasa: mambo yapimwe kwa idadi, uzito na vipimo, hata watu wapewe thamani ya fedha. Swift anaivaa kanzu hiyohiyo mpaka kifungo cha mwisho.

Msumari

Mhariri kamaliza habari ya sauti. Mimi naongeza kitu ambacho vikundi vingi vya uandishi vinakikosa: insha ina madai ya kweli kabisa, ila yamewekwa mahali pa kukataliwa.

Kuelekea mwisho msemaji anafunga mjadala: asiniambie mtu habari ya njia nyingine. Kisha anazitaja hizo njia nyingine moja moja ili azitupe. Kutoza wenye mashamba wanaokaa nje ya nchi shilingi 5 kwa kila pauni (pauni ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo ni robo ya mapato). Kuvaa na kutumia kilichotengenezwa nchini. Kuacha mifarakano. Kuwafundisha wenye mashamba angalau chembe moja ya huruma kwa wapangaji wao. Wenye maduka kuwa waaminifu. Mwenye akili timamu hawezi kuyakataa hayo, na mengine Swift alishayaandika kwa jina jingine au bila jina, wazi wazi. Mwaka 1720 alitoa kijitabu akihimiza bidhaa za Ireland, na mchapaji wake akafikishwa mahakamani. Mwaka 1724 akiandika kama muuza vitambaa alipinga sarafu za shaba za William Wood, Mwingereza aliyepewa kibali cha kuzitengeneza kwa ajili ya Ireland, na serikali ikatangaza zawadi ya pauni 300 kwa atakayemtaja mwandishi. Hakutajwa, sarafu zikaondolewa 1725. Kwa hiyo kufikia 1729 lugha ya moja kwa moja ilikuwa imeshatumika miaka karibu kumi. Kejeli haikuwa mapambo, ilikuwa silaha iliyobaki.

Hali yenyewe pia muijue, vinginevyo mtaona ni uchawi tu. Bunge la Uingereza lilizuia tangu 1699 Ireland kuuza vitambaa vya sufu nchi za nje. Kodi za mashamba zilivuka bahari kwenda kutumiwa na mabwana waliokaa London. Mavuno yakaharibika mfululizo mwishoni mwa miaka ya 1720. Msomaji wa Kilifi au Kwale hahitaji kuelezwa mara mbili maana ya mwenye ardhi asiyeonekana.

Sasa chukua faida ya pili anayoitaja bwana mipango: mpangaji maskini hatimaye atakuwa na mali ambayo sheria inaweza kuikamata kulipia kodi, maana ng'ombe na nafaka zake zimeshakamatwa, na fedha ni kitu asichokijua. Isomeni tena. Upuuzi uko kwenye nusu ya kwanza (mtoto ni mali ya kukamatwa), ukweli uko kwenye nusu ya pili (vingine vyote vimeshachukuliwa). Karibu kila sentensi nzuri ya insha ile imeundwa hivyo, na habari inapita kwenye upande ambao msomaji halindi. Ndiyo sababu ile maarufu inauma: nyama hii itakuwa ghali kidogo, kwa hiyo inawafaa zaidi wenye mashamba, ambao kwa kuwa wameshawala wazazi, ndio wenye haki ya kwanza kwa watoto.

Rasimu yenu ikiwa na upuuzi pande zote mbili ni kichekesho. Ikiwa na ukweli pande zote mbili ni taarifa ya habari.

Kalamu_Mwanzi

Asanteni sana, wakuu. Lakini hapo kwenye kuaminiwa bado. Siku hizi mtu anakata aya moja, anaituma WhatsApp, jioni unatukanwa na watu ambao hawajaiona insha.

Mhariri_Usiku

Daniel Defoe, mwandishi wa Uingereza, yalimkuta hata bila WhatsApp. Desemba 1702 alitoa kijitabu bila jina, akijifanya mtu mkali wa Kanisa la Uingereza anayetaka Waprotestanti walio nje ya kanisa hilo wakomeshwe kabisa. Defoe mwenyewe alikuwa mmoja wa hao walio nje. Wakali wakakishangilia, wenzake wakaingiwa na hofu, na ilipojulikana ni kejeli pande zote zikamkasirikia. Alifungwa gereza la Newgate, London, na Julai 1703 akasimamishwa siku tatu mbele ya umma akiwa amebanwa shingo na mikono kwenye mbao.

Kosa lake kiufundi: alichopendekeza msemaji wake kilikuwa kinahubiriwa kweli na watu wa wakati ule. Hapakuwa na umbali. Swift aliacha dhana za kweli zilizokubalika (maskini ni mzigo, watu ni rasilimali, kila kitu kina bei), akazitembeza hatua moja kupita pale ambapo wenye dhana hizo wangethubutu kufika. Dhana iwe ya mezani kwao, hitimisho liwe lisilowezekana. Ukiandika kejeli ya mheshimiwa anayetaka wamachinga wafukuzwe barabarani, umeandika Defoe, kwa sababu kuna atakayesema "sawa kabisa".

Kuhusu kukatwa kwa aya: msiweke dalili moja tu mwishoni. Kila aya ibebe jambo lisilowezekana ndani yake, hata dogo. Swift ana mapishi (kuoka, kuchoma, kuchemsha, kutia pilipili na chumvi kidogo na kuchemsha siku ya nne, hasa wakati wa baridi), ana ngozi ya kutengenezea glavu za mabibi na viatu vya kiangazi vya mabwana, ana familia 1,000 za Dublin ambazo zitakuwa wateja wa kudumu, bila kuhesabu harusi na ubatizo. Kata popote, nyama inaonekana.

Binti_Kamusi

Nijibu la Kiswahili. Kwanza tuelewane: shuleni Tanzania "tashtiti" imefundishwa pia kama swali ambalo muulizaji anajua jibu lake, kwa hiyo mkisema tashtiti kwenye kikundi, fafanueni. Kejeli inaeleweka kote.

Kinachovunjika kwanza ni jina. "Modest" wengi wanaweka "nyenyekevu", na kichwa kinanuka kanisani. Sisi tuna msemo wetu wa kuvuta kitu kikubwa kwa sauti ndogo: nina ombi dogo tu. "Pendekezo dogo tu" linafanya kazi ileile, na msomaji anashika mfuko wake papo hapo.

Pili, mzoga. Nimeona tafsiri inayouza "mzoga wa mtoto" kwa shilingi 10. Kwetu mzoga ni kilichokufa chenyewe, haramu kwa Mwislamu na uvundo kwa kila mtu. Hakuna mfanyabiashara anayeusifia. Bwana mipango anauza nyama safi, kwa hiyo aseme kama muuza bucha anavyosema: mtoto mzima, nusu, mguu wa mbele, mguu wa nyuma.

Tatu, zizi. Kiingereza kinamshusha mtu kwa kumwita kwa neno la mnyama. Kiswahili kina mtihani: mtu na mnyama wote wanachukua a- na wa-, kwa hiyo upatanisho hausaidii. Wengine wanakimbilia "kijitu" na "vitoto". Hapana. Hayo ni matusi, na msemaji wetu hatukani, anapanga. Tumieni maneno ya mfugaji yasiyo na chuki: mitamba, koo (jike la kuzalia), dume la mbegu, kuachishwa ziwa, kunenepesha. Na mwacheni mama "azae" tu. Akimwambia "amejifungua" ameshampa heshima ya mtu, na sentensi inalegea. "Nchi ina koo laki mbili, ukitoa elfu thelathini walioolewa na wenye uwezo" inatisha kuliko tusi lolote.

Nne, shilingi. Neno tulilirithi kutoka kwa Waingereza haohao, lakini shilingi 8 ya Tanzania leo haipati hata pipi, na msomaji atadhani kichekesho ni bei kuwa ndogo. Msibadilishe kuwa fedha ya leo, mtaingia kwenye makadirio yasiyo na mwisho. Onyesheni uwiano: gharama 2, bei 10, faida mara nne ya mtaji. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo atasimama kusikiliza.

Tano, mwenye shamba. "Mwenye nyumba" inampeleka msomaji kwenye chumba cha kupanga mjini. "Kabaila" ni sahihi kwa maana, ila inanuka azimio la chama, na msemaji wetu si mwanaharakati. Yeye angesema "waheshimiwa wenye mashamba". Heshima ndiyo inayochoma.

Na zawadi moja tunayo bure. "Wamewala wazazi" kwa Kiingereza ni tamathali inayohitaji kuandaliwa. Kwetu watu huliwa kila siku: kuliwa jasho, kuliwa kiwanja, kuliwa mirathi. Msiitilie maelezo, itajibeba.

Jogoo_la_Ng'ambo

Naona tunamvika Swift joho jeupe. Alikuwa wa tabaka la Waanglikana wachache waliotawala nchi ya Wakatoliki wengi, na cheo chake kililipwa na mfumo huohuo. Mwaka 1737 alitoa pendekezo la kweli, lisilo la kejeli, kwamba ombaomba wa Dublin wavalishwe beji za parokia zao na wale wa kutoka nje wafukuzwe mjini. Ndani ya insha yenyewe, kwenye ile orodha ya njia za kweli anayoisifu Msumari, kuna lawama kwa wanawake kwa majivuno, uvivu na kamari. Hiyo ni sauti ya nani sasa?

Na matokeo? Hakuna sheria iliyobadilika kwa ajili yake. Baridi na njaa ya 1740 na 1741 iliua watu kwa malaki nchini humo, na wenye mashamba wakaendelea kukusanya.

Msumari

Hilo la beji ni kweli, na lisifichwe kwenye kikundi. Linaonyesha kwamba Swift alimjua bwana mipango kwa undani kwa sababu kipande chake kilikuwa ndani mwake. Mwandishi anayejiona msafi huunda msemaji wa karatasi, mwovu tangu aya ya kwanza, na hakuna msomaji atakayetembea naye.

Kuhusu matokeo sibishani. Insha haikulisha mtu.

Kwa kazi ya kikundi: chagueni jambo moja lenye namba mnazoweza kuzithibitisha wenyewe mtaani, si "umaskini". Maji yanafaa. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Tafuteni bei ya uniti kwa mwenye bomba nyumbani, tafuteni bei ya dumu kwa anayenunua kwa mkokoteni, zidisheni mara 50, wekeni namba mbili hizo kando kwa kando. Kisha mtafutieni kazi msemaji: mshauri, mhasibu, mtu wa kamati. Asijue kwamba kuna tatizo. Anaona fursa.

Kalamu_Mwanzi

Jaribio la haraka, mnikosoe:

"Imebainika kwamba mkazi wa bondeni hulipia dumu 50 fedha nyingi kuliko ambazo jirani yake wa kilimani hulipia uniti nzima, jambo linalothibitisha kwamba maskini huyapenda maji zaidi. Upendo huu usiachwe upotee. Aidha, baada ya utafiti wa kina nimegundua kwamba shingo ya mwanamke hubeba kilo 20 kwa umbali wowote bila kupasuka, bila kuvuja na bila kuhitaji fundi. Kwa masikitiko makubwa, hadi leo shingo hizo hazijaorodheshwa miongoni mwa miundombinu ya mamlaka. Ni hali ya kusikitisha kwamba wanawake hawa wanateseka hivi."

Mhariri_Usiku

Shingo ibaki kama ilivyo. "Dumu 50" iwe "madumu 50", mshauri hakosei sarufi. "Kwa umbali wowote" weka kilomita halisi ya pale bondeni, na idadi ya safari kwa siku, ili ukweli uingie na yeye akidhani anasifia ufanisi. "Masikitiko makubwa" yaache, maana anasikitikia orodha.

Sentensi ya mwisho futa. Hapo mshauri ametoka chumbani ukaingia wewe.

Binti_Kamusi

Na "utafiti wa kina" iwe "ziara ya siku moja".